Kaswende kwa mjamzito: achomwe leo au asubiri maabara?

Kipimo cha haraka cha kaswende kinaona kingamwili tu, yaani alama ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa. Hakijui kama ugonjwa bado upo. Mama aliyetibiwa akapona miaka kumi iliyopita, mstari wake huenda bado utatokea. Ndiyo maana wapo wanaotaka RPR, kipimo cha damu cha maabara, ifanyike kwanza, kwa kuwa hiyo hushuka mtu akitibiwa. Kwa nini umchome sindano ya penisilini asiyeumwa, halafu umrudishe nyumbani na jibu linaloweza kuvunja ndoa?

Hilo la ndoa si dogo. Ila mama akiambiwa "njoo wiki ijayo", pengine atarudi akiwa na uchungu wa kuzaa. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2002 ulikuta kwamba kati ya wajawazito wenye RPR ya 1:8 au zaidi (namba ya pili ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi zaidi) ambao hawakutibiwa, robo walizaa mtoto mfu. Waliochomwa dozi moja ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, hawakuwa na hatari zaidi ya wasio na kaswende. Ukikosea kwa kuchoma, anayelipa ni tako. Basi achomwe leo, na damu ya RPR itolewe kabla hajaondoka. Isipojulikana ugonjwa ulianza lini, dozi ni 3, moja kila wiki.

Ulizia mzio wa penisilini kwanza, na adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, iwe karibu. Penisilini hii ni nzito: ikishachanganywa ichomwe mara moja, la sivyo huziba sindano. Igawe matako yote mawili, na isiingie kabisa kwenye mshipa wa damu. Erithromaisini, antibiotiki nyingine, si mbadala salama, kwani haivuki kondo la nyuma vya kutosha. Kadi itasema "ametibiwa" wakati mtoto hajaguswa.

Kwa kichanga, kipimo cha haraka hakisaidii: kitasoma kingamwili za mama. Linganisha RPR ya mama na ya mtoto. Mama 1:8 na mtoto 1:32, yaani mara nne ya mama, ni kaswende. Watoto wengi wenye kaswende huzaliwa wakionekana wazima. Mafua yenye damu, viganja na nyayo zinazobambuka, ini na bandama kubwa, au mkono asioutaka kuusogeza kwa maumivu ya mfupa, huenda vikaonekana wiki kadhaa baadaye.

Mvutano mwingine ni juu ya kichanga anayeonekana mzima ambaye mama yake alichomwa zikiwa zimebaki wiki mbili ajifungue. Kumlaza wodini siku 10 hadi 15 kwa penisilini ya mshipani ni mzigo kwa familia, lakini tiba ya mama iliyoanza chini ya siku 30 kabla ya kujifungua haihesabiwi kuwa imetosha. Huyo alazwe, hata kama ananyonya vizuri.