Saluti kwenye gemu, kwani tumekosea wapi?

Wiki iliyopita kikosi chetu cha Arma 3, gemu ya vita ya kwenye kompyuta inayochezwa na watu wengi mtandaoni, kimemshusha cheo dogo mmoja, alikuwa koplo saa hizi ni askari wa kawaida, kosa lake aliondoka katikati ya misheni bila kuaga. Basi kelele zikaanza, mpaka kijiweni hapa Ngamiani, Tanga, naulizwa, nyie mna nini, saluti kwenye kompyuta, mtu anaomba ruhusa ya kwenda kula, si gemu tu hilo jamani?

Anayesema gemu tu ana picha ya gemu ya kucheza peke yako, ukichoka unazima unalala. Huku kila mtu ana kazi yake na wenzake wanamtegemea. Siku ile dogo ndo alikuwa daktari wa kundi lake, na sisi tunavyocheza ukipigwa risasi huamki mwenyewe, mpaka mtu aje akufunge bandeji, akuchome mofini, akuwekee dripu. Sasa watu watatu wamelala nyuma ya ukuta, kioo cheusi, wanasikia milio tu, sajini anaita kwenye redio "daktari uko wapi, daktari", kimya. Kumbe kashavua hedifoni yuko nje ananunua chipsi.

Tulikuwa watu 24 na tulikwama dakika 20. Piga hesabu, ni dakika 480, yaani masaa nane ya watu yamepotea, siku nzima ya kazi. Na hayo masaa yana bei, kuna aliyejiunga bando kwa ajili ya hiyo Jumamosi, kuna aliyekopa hela ya luku, kuna mmoja wa Makorora anaazima laptopu kwa mjomba wake na saa nne usiku lazima iwe imerudi, yeye misheni hakuimaliza. Mi hayo masaa nane yananiuma mpaka leo, sababu angebonyeza tu batani akasema "natoka kidogo", sekunde mbili, tungemweka mwingine na hakuna ambaye angemkatalia.

Na sisi watu wa Tanga tusingepaswa kuelezwa hili. Novemba 1914 Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India wakashukia Ras Kasone, wakatimuliwa na jeshi la Mjerumani lenye watu kama 1,000 tu. Kila mtu anakumbuka nyuki waliowavamia askari vitani, ila vile vikosi vya Waingereza vilikuwa havijawahi kufanya mazoezi pamoja, watu wametoka melini wamechoka, wengi ndo kwanza wanaingia vitani.

Wanaolalamika nao wana lao, tena zito. Wapo viongozi wanapenda cheo kuliko kikosi, mtoto wa miaka 15 anatukanwa kwenye chaneli ya wazi watu ishirini wanasikiliza, umeme ukikatika anaandikwa mtoro. Jeshini mtuhumiwa anasikilizwa, huku mwenye uwezo wa kukupiga bani, yaani kukufungia usiingie tena, ndo polisi ndo hakimu. Mi mwenyewe kuna kikosi nilikihama kwa sababu hiyo na sijutii. Hiyo siyo nidhamu, ni uonevu, na ndo unaotuharibia jina sisi wengine.

Ila tusichanganye. Dogo aliitwa pembeni, chaneli imefungwa, sajini na yeye na shahidi mmoja, akaulizwa, akasema alidhani misheni imeshaisha, akaeleweka, na cheo kikashuka vilevile kwa mwezi mmoja sababu wale watatu walikuwa bado wamelala chini. Hakuna tusi. Waja leo waondoka leo tumewaona wengi, wakiguswa kidogo tu wanafuta akaunti, huyu kabaki, na juzi usiku kaniomba tufanye mazoezi ya redio, tumekaa mpaka saa sita anarudia kuripoti, "daktari natoka, daktari nimerudi".

Jumamosi hii kapangwa daktari tena, kundi lilelile.