Bakteria wa probiotiki: ni lazima anate kwenye utumbo wa samaki?

Sifa inayotajwa sana kwenye probiotiki za samaki wa kufugwa, yaani bakteria hai wanaolishwa samaki ili kulinda afya yao, ni kwamba bakteria wake hunata vizuri kwenye utumbo. Sifa hiyo ina msingi. Hata hivyo naona imepewa uzito kuliko inavyostahili, na anayeigharamia ni mfugaji.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Utumbo wa samaki umetandazwa ute, na ndani ya ute huo mna musini, yaani protini zilizojaa minyororo ya sukari. Baadhi ya bakteria wa asidi laktiki wana protini kwenye ngozi ya seli zao zinazoshika sukari hizo. Lactobacillus rhamnosus GG ana hata vinyweleo vyembamba vinavyong'ang'ania ute. Asiyeshika popote husukumwa na chakula na kutoka na kinyesi. Anayeshika hupata muda wa kuzaliana, kutoa asidi na bakteriosini, yaani protini zinazoua bakteria wengine, na kukalia nafasi ambazo bakteria wa magonjwa kama Vibrio anguillarum au Aeromonas wangezivamia.

Jaribio la mwaka 2001 kwa samaki aina ya trauti liliwapa nguvu. Walipoambukizwa furunkulosi, ugonjwa unaoletwa na aina ya Aeromonas, waliolishwa chakula cha kawaida walikufa asilimia 52.6, na waliopewa GG bilioni moja kwa kila gramu ya chakula walikufa asilimia 18.9. Lakini dozi ilipopandishwa hadi trilioni moja, vifo vilifika asilimia 46.3. Kama siri ingekuwa kujaza nafasi tu, wengi zaidi wasingefanya vibaya kuliko wachache.

Shaka yangu kubwa iko kwenye kipimo chenyewe. Maabara hukwangua ute wa samaki, huupaka kwenye visahani vya plastiki, humimina bakteria waliowekewa alama, huosha, kisha huhesabu waliobaki. Kwenye kisahani hakuna nyongo, utumbo haujikunji, wala hakuna bakteria wenyeji waliokwisha jaa. Zaidi ya hayo, ute wa samaki aliye hai huchubuka na kutengenezwa upya kila wakati, kwa hiyo aliyeunata leo anaweza kuondoka nao. Ndiyo maana probiotiki nyingi hupungua au hutoweka utumboni siku au wiki chache baada ya ulishaji kusimama, hata zile zilizofaulu vizuri kisahanini.

Isitoshe, kubaki na kunata ni mambo mawili. Watafiti waliotazama kwa darubini utumbo wa samaki wadogo wa milia (zebrafish) wakiwa hai walieleza mwaka 2016 jinsi Vibrio aliyekuwa akiogelea mmoja mmoja alivyomshinda Aeromonas aliyeishi kwa mafungu. Mikunjo ya utumbo iliyasukuma mafungu nje, huku muogeleaji akibaki. Kwa samaki ambao neva za utumbo wao zilikuwa na hitilafu, mikunjo ilikuwa dhaifu na wote wawili wakaishi pamoja. Bakteria aitwaye Bacillus naye, ambaye mbegu zake (spora) huvumilia joto la kutengeneza punje za chakula, anaweza kutoa vimeng'enya vya kusaga protini na wanga huku akipita tu.

Kwa hiyo kipimo cha kisahani kitumike kuchuja aina mwanzoni, kisiwe uthibitisho wa kuuzia bidhaa. Mfugaji aonyeshwe matokeo ya samaki wa aina yake, kwenye maji ya joto la bwawa lake: bakteria wangapi walibaki baada ya utumbo kuoshwa, walidumu siku ngapi ulishaji uliposimama, na vifo vilipungua kiasi gani ugonjwa ulipoingia. Bakteria anayestawi kwenye nyuzi 37 hana uhakika wa kufanya kazi kwa trauti anayeishi kwenye nyuzi 12.

Nawakubalia watetezi jambo moja bila kusita, nalo ni vifaranga. Samaki aliyetoka kuanguliwa ana utumbo ambao wenyeji wake bado ni wachache, na wa baharini huanza kunywa maji kabla hawajala mlo wa kwanza. Hapo anayetangulia kushika ute ana nafasi kubwa ya kukaa, na probiotiki inayotiwa majini mapema hukutana na ushindani mdogo kuliko itakayochanganywa kwenye chakula baadaye.