Simamisha picha pale kwenye korido

Kuna mwandishi anayesema kwamba Profondo rosso (1975), filamu ya mauaji ya mwongozaji Mwitaliano Dario Argento, ukishamjua muuaji basi, utamu umekwisha. Hapo nampinga. Juzi nimeirudia kwenye diski, nikasimamisha picha pale Marcus, yule mpiga piano, anapopita mbio kwenye korido yenye michoro ukutani. Uso wa muuaji upo palepale, kwenye kioo! Mara ya kwanza niliuona nikadhani ni mchoro tu, kama alivyodhani Marcus. Argento hakutuficha kitu, macho yetu ndiyo yalituangusha. Ila tafuteni nakala ile ndefu ya Kiitaliano, yenye urefu wa zaidi ya saa 2. Iliyokatwa kwa soko la nje imepoteza utani mwingi wa Marcus na mwanahabari Gianna. Na muziki wa bendi ya Goblin, jamani, ongezeni sauti, majirani watavumilia.