Msipige msasa bunduki ya kale

Kuna makala yanayowashauri wakusanyaji wa bunduki za kale wapige msasa kitako cha bunduki iliyotoka katika maghala ya jeshi na kukipaka vanishi upya. Naupinga ushauri huo kwa dhati, kwa sababu mihuri midogo iliyogongwa kwenye mbao na wakaguzi wa kiwanda ni sehemu ya ushahidi wa historia ya silaha hiyo, na ikishafutwa hairudi tena.

Mnunuzi aanze na namba za utambulisho zilizogongwa kwenye vipuri. Bunduki nyingi za jeshi la Ujerumani aina ya Mauser Kar98k zilizotekwa na Wasovieti katika Vita vya Pili vya Dunia zilifunguliwa baadaye, zikasafishwa na kuunganishwa tena kwa vipuri vilivyochanganywa, hivyo namba ya bolti (kipande kinachosogezwa kufunga chumba cha risasi) mara nyingi hailingani na ile ya mwili wa bunduki. Hizo nazo zina historia yake na hazistahili kudharauliwa, lakini si haki kuziuza kwa bei ya bunduki ambayo vipuri vyake vyote ni vya asili. Kisha achungulie ndani ya mtutu, kwani risasi nyingi za zamani huacha humo chumvi inayovuta unyevu na kuleta kutu. Kibali cha umiliki kipatikane kwanza, kabla hata ya kulipa.