Haujawahi Kutokea Tangu Lini?

Juzi nilizima redio kwa hasira. Mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu alisema ukame wa namna hii "haujawahi kutokea". Haujawahi tangu lini, ndugu yangu? Tangu mkoloni asimike vipimo vyake vya mvua? Hiyo ni miaka mia na ushei. Kusi na kaskazi zilikuwa zikivuma kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku.

Mvua za kale waulize wachimba tope, wale wanasayansi wanaosoma matabaka ya sakafu za maziwa. Ziwa Chala, lile la kasoko, shimo la volkano, pale chini ya Kilimanjaro, kila mwaka huacha tepe mbili sakafuni. Kusi ikikoroga maji, daiatomu, vijimea vidogo mno vya majini, huzaliana, zikifa maganda yake hutua na kuwa utepe mweupe. Mvua zikirudi, mweusi. Mwaka wa upepo mwingi na mvua haba huacha alama nene. Mwaka wa neema, nyembamba. Mwaka 2016 walitoa humo mashapo ya mita zipatazo 215, kumbukumbu ya miaka kama 250,000. Sisi tunabishana na kidaftari cha karne moja.

Ila kinachonigusa hasa ni Ziwa Naivasha, kule Kenya. Mashapo yake ya miaka 1,100 yalionyesha vipindi vitatu virefu vya ukame: 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, 1760 hadi 1840. Vyote vikali kuliko ukame wowote wa karne ya 20! Na ndiyo nyakati ambazo masimulizi ya wazee wa bara yanataja njaa, vurugu na watu kuhama. Mwalimu wangu wa historia aliwahi kunikata alama kwa kuandika "nilivyosikia kwa bibi". Leo ningempelekea ndoo ya tope.

Haya, nakubali: tarehe za radiokaboni, yaani umri wa tope unaokadiriwa kwa kupima kaboni iliyomo, huweza kukosea kwa miongo, na ziwa moja haliwezi kuisemea kanda nzima. Lakini asinijie mtu hapa na "kumbe mabadiliko ya tabianchi ni uongo". Kama kusi na kaskazi ziliyumba hivyo bila moshi wetu, kuziongezea joto ni kumchokoza nyoka shimoni mwake.

Ziwa Victoria lenyewe, bahari yetu ile, lilikauka karibu lote miaka kama 16,000 iliyopita. Haya, endeleeni kupanga mabwawa kwa takwimu za juzi.