Kiishio cha .com Hakikupandishi Google

Muuzaji wa vikoa, yaani majina ya tovuti, akikwambia kwamba .com "inapanda haraka" kuliko .co.tz, jua anatafuta mauzo. Anayekupigia debe .shop au .online kwa sababu neno la biashara limo ndani ya jina ni walewale. Google ililieleza hili waziwazi tangu 2015: viishio vipya vinahesabiwa sawa na .com na .org, na neno lililomo kwenye kiishio halikuongezei nafasi wala halikupunguzii.

Kinachobadilika ni nchi. Viishio kama .co.tz, .co.ke na .co.ug huiambia Google kwamba tovuti inalenga watu wa nchi fulani. Mtu wa Mwanza akitafuta "bei ya mabati geji 28", muuzaji mwenye .co.tz ana ishara moja ya ziada, japo ukurasa wake ukiwa mtupu haitamfikisha popote. Ishara hiyohiyo ndiyo inayokubana siku ukitaka wateja wa Nairobi na Kampala.

Zamani mwenye .com aliweza kuchagua nchi anayoilenga ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Google iliiondoa sehemu hiyo 2022. Leo inabidi uthibitishe uko wapi kwa njia nyingine: anwani halisi, simu ya +255, bei kwa shilingi, viungo (linki) kutoka tovuti za nchini, na lebo za hreflang zinazoitajia Google lugha na nchi ya ukurasa (sw-TZ, sw-KE) kama una kurasa tofauti kwa kila nchi. Mahali ilipo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hapana uzito mkubwa, kwa hiyo usihangaike kuihamishia Dar kwa sababu hiyo.

Wafanyabiashara wa Lubumbashi na Goma wana tatizo lao. Kiishio cha .cd ni cha Kongo, lakini Google inakihesabu kama cha dunia nzima, pamoja na .io, .co, .me, .tv na .ai. Ukiwa na .cd, jiji na anwani viandike wazi kwenye kurasa zako. Na .africa haikufungi na nchi yoyote. Ni nzuri kwa kampuni inayouza nchi tano, ila kwa fundi wa mtaani sioni faida yake.

Viishio vilivyokuwa vya bure, kama .tk na .ml, vilijaa matapeli. Binafsi sivigusi, maana hata mteja husita kubofya. Jina lolote lililowahi kumilikiwa na mtu, likague kwanza kwenye web.archive.org, inayohifadhi nakala za zamani za tovuti. Ukikuta lilikuwa la kamari au dawa za kuongeza nguvu, achana nalo.

Lakini hasara kubwa hutokea wakati wa kuhama. Tovuti ina miaka kadhaa kwenye .com, inaleta wateja, halafu mtu anaamua kwenda .co.tz ili "aonekane wa hapa". Kwa maoni yangu usihame. Nunua .co.tz, ielekeze kwenye .com yako, basi.

Kama ni lazima, kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwa 301, yaani elekezo la kudumu, kwenye mwenzake wa tovuti mpya: /bei-mabati iende /bei-mabati. Kwenye cPanel, paneli ya kuendeshea tovuti, usipoweka tiki kwenye Wild Card Redirect, ukurasa wa mwanzo ndio unaohama peke yake, kurasa nyingine zinabaki zinaning'inia. Wengine hurundika kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti mpya. Google huona hapo kurasa zilizokufa, na nafasi zake zinapotea. Ukitumia 302 unasema uhamisho ni wa muda, kwa hiyo anwani ya zamani inaweza kuendelea kubaki kwenye matokeo.

Baada ya hapo badilisha lebo za canonical (zinazotaja anwani rasmi ya ukurasa) na ramani ya tovuti (sitemap), thibitisha vikoa vyote viwili Search Console, kisha tumia Change of Address iliyomo humo kuiarifu Google kwamba umehama. Usibadilishe muundo wa tovuti wakati huohuo, maana nafasi zikishuka hutajua kilichozishusha. Wiki kadhaa za kupanda na kushuka ni kawaida.

Maelekezo ya 301 yaache yafanye kazi angalau mwaka mzima, na kikoa cha zamani endelea kukilipia hata baada ya hapo. Muda wake ukiisha na mwingine akakichukua, viungo vyote vilivyokuwa vinakuletea wateja vitakuwa vinampelekea yeye.