Kabla ya kusema "tumuachie Mungu"

Watu wawili wakikosana katika jumuiya zetu za sala hapa Mombasa, halichelewi kusikika neno hili: "Yaishe, tumuachie Mungu." Mara nyingi msemaji ni mzee mwenye nia njema, anayetaka kila mtu arudi kwake salama. Lakini nashikilia kwamba likisemwa mapema, kabla aliyekosa na aliyekosewa hawajaketi pamoja, neno hilo huzuia amani. Ugomvi uliofunikwa huhamia uani, huhamia kwenye kwaya, kisha siku ya kuchangia msiba hufumuka mbele ya wafiwa.

Tazama orodha ya matendo ya mwili katika Wagalatia 5, mstari wa 19 hadi 21. Biblia ya Union inataja mambo 15 kwa majina. Manane kati ya hayo ni uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi na husuda. Zaidi ya nusu! Hata hivyo mlevi huitwa na wazee mara moja, na mchonganishi huendelea kuongoza sala mwaka baada ya mwaka. Tumezoea kuhesabu dhambi zinazonuka mdomoni na kuziacha zinazotoka mdomoni.

Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walipoazimia katika miaka ya 1970 kuzijenga jumuiya ndogo ndogo, Kanisa limehamia vibarazani. Waanglikana na Wapentekoste nao wana vikundi vyao vya nyumbani. Ukienda Mikindani, Magongo au Kisauni, wanajumuiya wengi ni wapangaji wa mtaa mmoja, pengine wa nyumba moja ya Kiswahili: ukumbi mmoja, ua mmoja, choo kimoja, na jerikeni za maji zimepangwa foleni moja mfereji unapokauka. Huwezi kununiana na mtu unayesali naye Jumatano jioni ukategemea kutomwona hadi Jumatano nyingine. Utapishana naye alfajiri akiwa na ndoo mkononi.

Tabia ninayoiona ya hatari kuliko zote ni masengenyo yaliyovaa joho la maombi. Yanaanza hivi: "Wapendwa, tumwombee dada yetu fulani, ndoa yake inapita mahali pagumu." Hakuna aliyeomba jambo hilo litajwe. Kabla ya Amina watu kumi na watano wamejua, na kabla ya Jumapili mwenyewe ameulizwa na muuza viazi. Dawa yake ni kanuni moja iliyokubaliwa na wote: nia ya mtu, yaani jambo la kuombewa, hutajwa na mwenyewe, au na aliyepewa ruhusa naye kwa maneno. Asiyetaka kusema aseme tu "nina nia ya moyoni," na jumuiya iombe bila kudadisi. Anayeongoza akisikia jina la mtu asiyekuwepo likiambatana na habari zake, apokee hapohapo kwa upole, "Tumuombee, maelezo tumwachie mwenyewe," kisha aanzishe wimbo. Mithali 26:20 inasema moto hufa kwa kukosa kuni. Kiongozi wa sala ndiye mwenye kuunyima kuni.

Ndugu wa masengenyo ni vijembe. Pwani hii tuna ufundi wa mafumbo tangu zamani; leso ina jina lake, na jina hilo hujulikana limemlenga nani. Siku hizi fumbo limehamia kwenye status ya WhatsApp, mara nyingine likiwa mstari wa Zaburi kuhusu adui. Ubaya wa kijembe ni kwamba hakijibiki. Aliyelengwa akiuliza huambiwa, "Kwani nimekutaja?" Hivyo kosa halikiriwi wala halisamehewi, linabaki hewani. Mwenye neno aliseme kwa mwenyewe, au alimeze kabisa.

Namna ya kulisema imo katika Mathayo 18:15-17, na tunaiharibu hatua ya kwanza tu. Maandiko yanasema "wewe na yeye peke yenu." Si wewe na yeye na rafiki yako wa kukutia moyo. Ujumbe wa sauti wa dakika sita nao si njia, kwa sababu husambazwa. Nenda mwenyewe, ndani ya siku mbili tatu, hasira ikishapoa lakini kinyongo hakijaota mizizi. Epuka saa ya kupika na saa mume au mke wa mwenzako anaporudi kutoka kazini. Sema mambo matatu tu: kilichotokea, kilivyokuumiza, unachoomba. Kwa mfano: "Mama Baraka, Jumapili ulisema mbele ya watu kwamba sikutoa mchango wa msiba. Nilifedheheka, maana nilituma Ijumaa, na ujumbe wa M-Pesa huu hapa. Naomba urekebishe mbele ya walewale." Kisha nyamaza umsikilize. Kinachoharibu hapa ni maneno "kila siku wewe" na "nyinyi watu wa kwenu." Ukishayatamka, kesi ya mchango imegeuka kuwa kesi ya ukoo.

Ikishindikana, chukua mmoja au wawili. Wasiwe jamaa zako wala wa kabila lako pekee. Angalau mmoja awe mtu ambaye mwenzako angemchagua. Kazi yao ni kusikia pande zote na kushuhudia kilichokubaliwa, si kukutetea. Baada ya hapo ndipo jambo hufika kwa viongozi. Kikundi cha WhatsApp hakimo katika hatua hizo hata moja, na msimamizi wake ana haki ya kufuta ujumbe wa kulaumiana kabla haujasomwa na wote.

Ugomvi wa fedha una tiba yake, na si mahubiri. Katika Matendo 6 wajane wa upande mmoja walisahaulika katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji wavumilie; waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki, lugha ya upande uliolalamika. Fundisho la hapo ni kubwa: aliyeonewa awe karibu na meza ya ugawaji. Kwa hiyo mchango wa pesa taslimu uhesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, jumla isomwe kabla watu hawajatawanyika, iandikwe, na wote wawili watie sahihi. Wa M-Pesa usichanganywe na pesa ya mboga ya mweka hazina. Namba iwe ya kazi hiyo pekee, na taarifa yake isomwe kila mwezi, hata kama ni shilingi 300. Mweka hazina mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika, kwa sababu shuku hazipati pa kushika.

Kuna jeraha la wabara na wapwani, ambalo hatupaswi kulichezea. Agosti 1997 watu wa bara walishambuliwa Likoni, wengine wakauawa, na wengi wakakimbilia uwanja wa kanisa. Wapo waumini waliokuwa watoto wakati ule na leo ni viongozi. Kikao kinapogeukia lugha ya mama ya walio wengi, hata kwa utani, asiyeielewa huhisi anasemwa. Kiswahili kitumike kuanzia salamu hadi chai.

Pia yapo mambo ambayo hayapelekwi kwenye suluhu ya jumuiya hata kidogo. Mke anayepigwa asiitwe kuketi na anayempiga ili "wasameheane." Mtoto aliyedhulumiwa asinyamazishwe kwa ajili ya sifa ya kanisa. Hapo ni polisi, hospitali na afisa wa watoto. Simu ya bure ya watoto ni 116, na ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Msamaha ni safari ya aliyeumizwa, na hauondoi mashtaka.

Kwa ugomvi wa kawaida, mwenzako anaweza kukataa kabisa kupatana. Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu," maana yake umepewa upande wako tu. Endelea kumsalimu na kumpelekea sahani msibani, na usimtafutie mashabiki. Kama tayari umepita hatua zote, sasa una haki ya kusema tumuachie Mungu.

Na wakipatana, katibu aandike mstari mmoja katika daftari: tarehe, majina mawili, "wamepatana." Asiandike waligombania nini. Daftari hilo litasomwa na katibu ajaye.